Je, Mchungaji Anaweza Kuzuia Ndoa kwa Sababu ya Damu?



Tuliahidi kwamba katika toleo hili tutaandika juu ya safari yetu ya Jinja na Mbale, tulipokwenda kuwatembelea ndugu zetu waliotoka hapa kambini kutafuta riziki upande wa mashariki. Tunamshukuru Mungu, wengi tuliwakuta salama. Wanawatuma salamu. Wengine wanafanya vibarua, wengine wanauza nguo sokoni, na kila Jumapili wanakusanyika nyumbani kwa mmoja wao kumwabudu Mungu kwa lugha yetu. Lakini tulirudi na swali moja zito, na tumeona si vema kulificha. Ni swali la kanisa zima.

Lilianza hivi. Pale Jinja, baada ya ibada, kijana mmoja na mchumba wake walituita pembeni. Wametupa ruhusa kuandika habari hii bila majina. Familia zao mbili zilikwisha kukubaliana juu ya mahari, na nusu yake ilikwisha kutolewa. Walikuwa wamekwenda kupima virusi vya Ukimwi, kama tunavyowaagiza wachumba wote. Ukimwi hawakuwa nao. Lakini mhudumu aliyewapima aliwashauri wapime pia damu kwa ajili ya siko seli, na wote wawili wakaonekana ni AS. Kijana akatuuliza, "Mchungaji, utatufungisha ndoa au utatukatalia?" Binti hakusema neno. Alitazama chini tu.

Hatukumjibu siku ile. Tulisema tunakwenda kuomba. Ni kweli tuliomba, lakini tukiri mbele yenu kwamba tulisema hivyo pia kwa sababu hatukuwa na jibu. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa mambo yanayozuia ndoa: undugu wa karibu, mke au mume mwingine aliye hai, mmoja kulazimishwa. Habari za AS hatukufundishwa.

UGONJWA WENYEWE

Kule kwetu Kongo wengi huuita SS kwa kifupi. Watanzania husema selimundu, Waganda huuita nnalubiri, na wengi hapa Uganda husema siko seli. Ni ugonjwa mmoja. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo na laini, hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Zikijikunja huziba mishipa midogo, na mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Pia hufa upesi, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Mtu huzaliwa nao. Kila mtu ana mbegu mbili za damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye A mbili hana shida. Mwenye A moja na S moja, yaani AS, ni mzima na anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye S mbili, yaani SS, ndiye mgonjwa.

Akina mama wa Jinja tuliwafundisha kwa maharage, nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani. Chukua vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Katika kila kikombe weka haragwe jeupe moja na jekundu moja. Fumba macho, chota moja huku na moja kule. Huyo ndiye mtoto. Yakija mekundu mawili, ni SS. Sasa rudisha maharage yote kabla ya kuchota mtoto wa pili. Hapo wengi hukosea. Wanasikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani aliyeugua wa kwanza amewalipia wadogo zake watatu. Sivyo. Kila mimba inaanza upya, na kila mimba ina hatari ile ile ya robo. Wapo wenye AS waliozaa watano wote wazima, na wapo waliozaa watatu wote wagonjwa.

Wala tusidhani ni jambo la watu wachache. Mwaka 2014 na 2015 wataalamu wa Uganda walipima damu ya watoto wachanga karibu 100,000 kutoka nchi nzima, wakitumia matone makavu yaliyokuwa yamechukuliwa kwa ajili ya kupima Ukimwi. Walikuta watoto 13 hivi katika kila 100 ni AS. Hata zamani, mwaka 1949, Lehmann na Raper walichapisha vipimo vya makabila ya Uganda, na miongoni mwa Baamba walioko mpakani na Kongo karibu watu 45 katika 100 walikuwa na mbegu hii. Mpaka waliochora Wazungu haukuikata damu. Tulipokimbia na mabunda yetu kichwani, tuliivuka mipaka tukiwa nayo mwilini.

Kwa nini iwe nyingi kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana mbegu hii imedumu katika nchi zenye mbu. Lakini tuangalie hapa: kinga hiyo ni ya mwenye AS. Mtoto wa SS malaria humwangusha upesi kuliko wengine.

DENI LETU

Kabla ya kutoa jibu, kuna jambo lazima tulikiri. Wazee wa kanisa wanalijua. Leo tunaliandika.

Miaka iliyopita, hapa kambini, kulikuwa na binti wa miaka sita. Usiku alilia maumivu ya miguu na mgongo. Macho yalikuwa ya manjano. Sisi na kikundi cha maombi tulisema amefungwa na roho ya ukoo wa mama yake. Tuliwafungisha mama na mtoto siku tatu, bila chakula, na maji kidogo sana. Wakati ule hatukujua kwamba kwa mtoto wa SS kukosa maji ni kuzidisha ugonjwa, kwa maana damu inazidi kuwa nzito na chembe zinazidi kujikunja. Siku ya nne homa ilipanda, akapelekwa hospitali amechelewa. Alifariki.

Msiba haujaisha, wakwe wakasema mama yule ameleta laana katika nyumba, na mume akamrudisha kwa ndugu zake. Nasi tulinyamaza. Hatukujua kwamba mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S kutoka pande zote mbili. Mume aliyemfukuza mkewe kwa ajili ya ugonjwa huu anajitia hatiani mwenyewe, kwa kuwa nusu ya S zile mbili ni yake.

Hatukumuua kwa kukusudia. Lakini hatutasema tena kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu tu, tukaishia hapo. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi waliona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana Yesu alikataa swali lenyewe. Hakumlaumu kipofu wala wazazi wake. Alitenda kazi ya Mungu palepale. Naye Ezekieli, akiwaandikia watu waliokuwa uhamishoni kama sisi, aliwakataza katika sura ya 18 kusema kwamba meno ya watoto yametiwa ganzi na zabibu walizokula baba zao. Sisi tuliyasoma hayo yote chuoni, tukafaulu mtihani, kisha tukafanya kinyume.

WANAOSEMA TUZUIE

Turudi kwa wachumba wetu. Wako wazee wanaosema mchungaji akatae kabisa, nao si watu wajinga. Wanasema hivi: mtoto hachagui wazazi wake. Wazazi wakijua kuna hatari ya robo, wakaendelea, mtoto ndiye atakayelia usiku. Mithali hutufundisha kwamba mwenye busara akiona mabaya yanakuja hujiepusha. Wanasema pia kwamba sisi tulio ukimbizini hatuna shamba la kuuza wala ukoo wa kuchangia, na mtoto mgonjwa atakosa dawa.

Tena wanasema mila zetu zilikuwa na hekima hii. Basoga hawaoi ndani ya ukoo wao, nasi tulikuwa na shangazi na wazee waliochunguza nyumba ya mchumba kabla mahari haijapokelewa. Waliuliza, je, kuna kifafa? Kuna ukoma? Sasa vita vimewatawanya. Shangazi yuko Kivu, mjomba yuko Kigoma, mzee amezikwa njiani. Kanisa limebaki mahali pa ukoo, basi liulize.

Tunakubali kwamba kanisa liulize. Ukoo tofauti hautoshi, kwa sababu mtu wa Uvira na mtu wa Bunia ambao hawana undugu wowote wanaweza wote kuwa AS. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kuzuia ni jambo jingine. Wazee wa ukoo walikuwa wengi, nao walisemeshana mpaka wakapatana. Mchungaji ni mmoja. Katika kambi, ambapo huyu huyu mchungaji huandika barua za utambulisho na kusimamia mgawo wa nguo, neno lake linaweza kuwa amri hata kama yeye hakukusudia. Tuogope uwezo huo.

SWALI LA BINTI WA MBALE

Kutoka Jinja tulipanda gari hadi Mbale, tukafikia kwa familia moja ya Kikongo chini ya mlima Wanale. Wana binti wa miaka kumi na sita mwenye SS, anaimba sauti ya pili katika kwaya. Anatumia dawa iitwayo haidroksiyurea kila siku, kwa usimamizi wa daktari.

Wapendwa, dawa hii tuifahamu. Haiondoi ugonjwa, lakini hupunguza makali yake. Ilijaribiwa kwa watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 katika miji minne: Luanda kule Angola, Kilifi kule Kenya, Kinshasa kwetu Kongo, na Mbale hiyo hiyo. Daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa na daktari Peter Olupot-Olupot wa Mbale walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ukilinganisha na kabla ya dawa, maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu hivi, haja ya kuongezewa damu ikapungua kwa theluthi mbili, na vifo vikawa chini ya theluthi moja ya vile vya awali. Dawa hii haitolewi bila kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo mtu asiinunue tu dukani na kumpa mtoto.

Jioni ile tulimweleza baba wa nyumba habari za wachumba wa Jinja. Tulisema kwa kirefu kwamba pengine ingefaa wasioane, ili asizaliwe mtoto wa mateso. Hatukujua kwamba binti alikuwa nyuma ya pazia akiosha vyombo. Akatoka, mikono ikiwa bado na povu, akasema, "Baba Mchungaji, samahani. Kwa hiyo mimi ni kosa? Nisingezaliwa, ingekuwa vizuri?"

Tulikosa neno. Baba yake naye alinyamaza.

Usiku hatukulala. Swali lake lilikuwa na haki. Kila mara tunaposimama na kusema "tuzuie watoto hawa wasizaliwe", katika mabenchi wameketi watoto hao hao, wanatusikia. Mtu hawezi kuimba kwaya huku mchungaji wake akifundisha kwamba kuwepo kwake ni hasara.

Asubuhi tulimjibu hivi, na mpaka leo hatuna jibu jingine. Tulimwambia: maumivu yako tunayachukia, wewe tunakupenda. Anayechimba kisima kijijini hawatukani waliokwisha kuugua kwa maji machafu. Anayewaambia wachumba wapime hakutukani wewe. Lakini anayesema afadhali usingezaliwa, huyo amekutukana, nasi jana tulisema maneno yanayokaribia hayo. Utusamehe. Alicheka kidogo, akasema amesamehe, kisha akaomba tumletee betri za redio tukirudi.

JIBU TULILOWAPA WACHUMBA

Tuliporudi Jinja tuliketi na wachumba wetu. Tuliwaambia kwamba mchungaji hana haki ya kuwazuia. AS si dhambi, wala si ugonjwa, na Maandiko hayakuiweka kati ya vizuizi vya ndoa. Tukiwakatalia sisi, watakwenda kwa mchungaji mwingine, au wataishi pamoja bila ndoa, na mtoto akizaliwa mgonjwa watamficha ili tusiseme "tuliwaambia".

Lakini tuliwaambia pia kwamba hatuna haki ya kuwafungisha ndoa wakiwa gizani. Bwana Yesu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Basi tulihesabu nao. Tulicheza maharage mara ishirini, na kila jekundu mbili zilipotoka tulinyamaza kidogo. Tulitaja homa za usiku, pesa za boda boda, shule atakazokosa mtoto, mama atakayeacha biashara. Tulitaja pia yule binti wa kwaya na sauti yake nzuri. Tulitaja njia zote walizo nazo: kuachana sasa kwa upendo, kuoana na kukubali hatari, kuoana na kulea yatima ambao kambini hapa hawakosekani. Hatukuwaambia Mungu atawapa watoto wazima tu wakiwa na imani. Imani haimfanyi Mungu mdeni wetu.

Kisha tuliwaambia jambo moja la mwisho, nalo ndilo zito kwetu sisi tulio kanisani. Tuliwaambia, "Mkichagua kuoana, na Mungu akawapa mtoto wa SS, mtoto huyo atakuwa wetu pia." Kama kanisa haliwezi kusema hivyo na kutimiza, basi mashauri yetu yote juu ya damu ni kelele.

TUNAYOOMBA KANISA LIFANYE

Wazee wamekubali mambo haya yaanze:

1. Vijana wapime mapema, kabla ya posa na mahari, si wiki moja kabla ya harusi. Mahari ikikwisha kuliwa, uhuru wa binti kusema hapana umekwisha kupungua. Kipimo cha zamani cha kuangalia kama chembe zinajikunja huonyesha tu kwamba S ipo. Hakitenganishi AS na SS. Ombeni kipimo kinachotaja herufi zote mbili.

2. Majibu ni ya waliopimwa. Hayatatangazwa madhabahuni wala kuulizwa na wakwe kupitia mchungaji. Binti asiitwe "yule AS" kisimani.

3. Mtoto hafungishwi kula wala kunywa, awe na ugonjwa wowote. Tutaomba naye, na tutampa maji.

4. Mtoto wa SS akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, afunikwe wakati wa baridi, na apewe dawa zake za kinga kama alivyoagiza daktari. Maombi yataendelea njiani.

5. Sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi itawekwa kando kwa nauli za wagonjwa hawa.

6. Mwanamume atakayemfukuza mke kwa sababu ya mtoto mgonjwa ataitwa na wazee. Hatutanyamaza tena.

Na ndugu zetu mliopelekwa Marekani, mnaosomewa barua hii kwa simu, msidhani mmeuacha ugonjwa huku. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika vitabu vya madaktari wa nchi za Magharibi, mwaka 1910, alikuwa mwanafunzi mweusi kutoka Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno Chicago. Tangu mwaka 2006 majimbo yote ya Marekani hupima kila mtoto mchanga. Mkipigiwa simu na hospitali, msiogope wala msifiche; kujua mapema ndiyo nafasi ya mtoto wenu. Desemba 2023 Marekani iliruhusu tiba mbili mpya zinazobadilisha mbegu zenyewe za damu, kila moja kwa zaidi ya dola milioni 2. Sisi huku bado tunatafuta nauli ya kwenda hospitali. Hatusemi hivyo kwa kinyongo, ila mkumbuke sadaka namba tano.

Mtatuuliza, wale wachumba waliamua nini? Walitupa jibu lao wiki tatu baadaye. Ni lao, na kwa kadiri ya namba mbili hapo juu hatutaliandika. Tunaomba tu kwamba mkiwaona, wakiwa wawili au kila mmoja peke yake, muwasalimu vema.

Na yule mama tuliyemnyamazia miaka ile, tulimtafuta. Tulimwomba msamaha mbele ya ndugu zake. Alilia, nasi tulilia. Hakusema amesamehe, na hatukumlazimisha. Tunaendelea kumwombea, naye ametupa ruhusa kuandika habari za mtoto wake, ili mtoto wa mwingine apone.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Wenu katika huduma,
Mchungaji